Weusi Tititi, Weupe Usiodanganya: Karatasi ya Picha Ambayo Lazima Uishike

Mwenzangu, weka simu chini kwanza unisikilize, maana nisipokwambia leo nitapasuka! Nimetoka kushika karatasi. Ndiyo, karatasi, tena tupu kabisa, isiyo na hata nukta ya wino, na vidole bado vinanisisimka. Nene, laini, nzito, tulivu, ina upole fulani hivi ambao mkono unautambua kabla jicho halijasema kitu. Ukiitikisa haitoi ule mlio wa chwa-chwa wa karatasi ya fotokopi. Inaitika kwa sauti ya chini, ya kushiba. Na hapo hata picha hatujachapa. Na bado!

Rafiki yangu mpiga picha kaletewa pakiti za majaribio, zile pakiti za viwanda vya karatasi za sanaa zenye aina mbalimbali ndani, karatasi chache kwa kila aina, ili mtu aonje kabla hajatoa pesa ya boksi zima. Karatasi za printa ya wino hizo, zinazotengenezwa makusudi ili picha idumu, iwakute wajukuu. Tukaamua kuchapa picha moja tu, ile ile, nyeusi na nyeupe, kwenye kila karatasi. Mama mtu mzima kakaa barazani, kavaa buibui, nyuma yake ukuta wa chokaa wa Mji Mkongwe, na mkanda mwembamba wa jua umempita mkononi. Basi. Picha hiyo moja, karatasi tofauti, na aisee, utadhani wapiga picha tofauti kabisa walikwenda siku tofauti kabisa!

Kwenye karatasi ya kawaida ya glosi, ile ya duka la vifaa vya ofisi, buibui lilikuwa doa. Doa jeusi, limeisha, hakuna mjadala. Tukaweka karatasi ya Platine Fibre Rag, ya Canson wa Ufaransa, pamba mia kwa mia. Printa ikaanza kuguruma polepole, karatasi ikatoka kidogo kidogo, kwanza juu ya ukuta, halafu ushungi, halafu bega, na mimi nimeinama pale pua inakaribia kugusa, na ghafla naona mikunjo! Mikunjo ya buibui jamani! Mkunjo wa kwanza unaanguka kutoka begani, wa pili unapita chini yake, na katikati ya giza, ndani kabisa, uzi wa upindo unaonekana, mstari wa mshono ambao kwenye skrini ya kompyuta sikuwahi hata kuhisi kwamba upo. Weusi tititi, wa kina, uliokolea, lakini weusi wenye mambo ndani yake. Nikapiga kelele. Rafiki yangu naye akapiga kelele. Na bado!

Maana kilichonimaliza hasa si weusi. Ni ukuta.

Printa hizi hazina wino mweupe. Hebu lifikirie hilo taratibu. Kila unachokiona cheupe kwenye picha, ukuta, jicho, jino, jua mkononi mwa yule mama, ni karatasi yenyewe ikichungulia pale ambapo wino haukutua. Wino unachora giza na vivuli, nuru yote inaletwa na karatasi! Kwenye picha ya rangi unaweza usilione jambo hili, macho yanashughulishwa na wekundu wa kanga na kijani cha mwembe. Kwenye nyeusi na nyeupe hakuna pa kujificha. Karatasi ikiwa na ubaridi wa buluu, uso wa mtu unakuwa baridi; ikiwa na ujoto kidogo wa maziwa, uso unapata damu. Na karatasi ikigeuka manjano baada ya miaka kadhaa, hata wino ungebaki imara namna gani, nuru yote ya picha imekwisha kuharibika. Kwa hiyo ukichagua karatasi kwa ajili ya picha za namna hii umechagua nusu nzima ya picha. Nusu nzima!

Ndipo rafiki yangu akazima taa, akatoa tochi. Wee! Tochi yenyewe unaijua, ile ndogo ya mwanga wa zambarau ya kukagulia noti bandia, mawakala wa pesa wanayo, wenye maduka wanayo. Akaimulika karatasi ya glosi ya dukani: ikawaka! Buluu kali, ya kustaajabisha, karatasi nzima inawaka gizani. Akaimulika Platine: kimya. Haikuwaka. Ilikaa pale, imetulia, haina makuu. Nikamwambia rudia. Akarudia. Kimya vile vile.

Kinachowaka ni dawa ya kung'arisha weupe. Ni jamaa moja na dawa zilizomo kwenye sabuni ya unga, ndiyo maana kanzu iliyotoka kufuliwa huwaka buluu chini ya taa za ukumbi wa harusi. Dawa hiyo hunyonya mwanga wa urujuanimno tusiouona, kisha huutoa kama mwanga wa buluu, na macho yetu yanadhani karatasi ni nyeupe pee. Siku ya kwanza inapendeza, sikatai. Tatizo ni kwamba dawa yenyewe huchoka. Mwanga unaila, hewa inaila, miaka inaila, na ikichoka karatasi inarudi kwenye rangi yake ya asili, yenye umanjano. Zaidi ya hapo, ukiweka picha nyuma ya kioo kinachozuia urujuanimno, dawa inakosa cha kunyonya na ule weupe wote wa kung'aa unazimika siku hiyo hiyo. Platine, Rag Photographique ya Canson hao hao, na Museum Etching ya Hahnemühle wa Ujerumani hazina dawa hiyo kabisa. Weupe wao ni wa pamba. Umeutazama leo, utautazama tena uzeeni, ni ule ule.

Na pamba yenyewe, acha nikwambie! Karatasi nyingi hutokana na miti, na mti una lignini, kitu kinachoufanya usimame imara lakini kikibaki kwenye karatasi huigeuza manjano na kuifanya ivunjike. Chukua gazeti la leo, liache dirishani linapigwa na jua, rudi baada ya wiki uone lilivyopauka na kugeuka rangi. Hiyo ndiyo lignini kazini. Viwanda vizuri vinaweza kuiondoa kwenye massa ya mti, na karatasi za namna hiyo zipo na ni nzuri. Pamba lakini haihitaji vita hiyo, ni selulosi karibu tupu tangu shambani. Halafu wanaiongezea chokaa kidogo, kalisiamu kaboneti, ili asidi yoyote itakayoingia kutoka hewani au kwenye fremu ikutane na mpinzani tayari. Chokaa! Picha ya ukuta wa chokaa, kwenye karatasi yenye chokaa ndani! Nilicheka peke yangu pale.

Hawa watu hawakuanza jana, ujue. Canson wanahesabu tangu mwaka 1557, kule Annonay. Hahnemühle tangu 1584. Na kiwanda cha Annonay kilikuwa mikononi mwa ukoo wa Montgolfier, wale wale ndugu wawili waliorusha puto la hewa moto mbele ya watu mwezi Juni 1783, puto la kitambaa lililobandikwa karatasi kwa ndani. Karatasi yao iliruka angani kabla haijabeba mikunjo ya buibui la mama yetu!

Sasa ngoja, usidhani nimemaliza, maana kuna barita. Barita jamani!

Wazee wetu waliosafisha picha kwenye vyumba vya giza walikuwa na karatasi yenye tabaka la unga mweupe wa madini, salfeti ya bariamu, chini ya dawa yenye fedha. Ni unga ule ule ambao hospitalini mgonjwa hunyweshwa ili tumbo lake lionekane kwenye eksirei. Ndiyo uliozipa picha za studio za zamani ule weupe mtulivu na mng'ao wa ndani kwa ndani. Ukipita Barabara ya Kenyatta pale Unguja, Capital Art Studio, iliyofunguliwa mwaka 1930, bado utaona picha nyeusi na nyeupe za zamani zimejaa kuta, na moyo unasimama. Ile hali, ule uzito wa vivuli, wengi wetu tulidhani umekufa na vyumba vya giza. Haujafa! Viwanda vimeurudisha kwenye karatasi za printa ya wino, unga ule ule wa bariamu. Photo Rag Baryta ya Hahnemühle ni pamba tupu yenye tabaka hilo, na ukiielekeza dirishani mng'ao unatembea juu yake polepole, haukupigi machoni, unapita tu, na chini yake weusi unazama, unazama, unazidi kuzama. Nikaweka pembeni picha ya zamani ya harusi ya ukoo wa rafiki yangu, ya chumba cha giza, nikamwita dada yake aliyekuwa jikoni. Akashika hii, akashika ile, akageuza, akanusa. "Zote za babu hizi?" Na bado!

Usiondoke hapo ukadhani zile zisizong'aa ni maskini. Hata kidogo! Rag Photographique na Museum Etching zina uzuri wa aina nyingine kabisa, uzuri wa kunyamaza. Hazina mng'ao hata chembe. Unasimama popote chumbani, taa iwe juu, dirisha liwe pembeni, hakuna kitu kinachokurudishia mwanga usoni. Weusi wake haufiki kina cha barita, ni weusi mwororo, wa mkaa. Tulichapa picha nyingine pale, ukungu wa asubuhi ufukweni na ngalawa moja mbali, na Museum Etching, ambayo ukiipapasa unahisi vijibonde vidogo vidogo vya kupendeza sana, ikaufanya ule ukungu uwe na unyevu. Nilitaka kuupangusa! Picha ile ile kwenye barita ilikuwa nzuri, safi, kali, ila ukungu ulikuwa umekwisha kuondoka. Kwangu mimi, sura za watu na vivuli vizito viende barita au Platine. Ukungu, mchanga, mawingu, wazee wenye ngozi ya mikunjo laini viende kwenye karatasi isiyong'aa. Nitabishana na yeyote juu ya hili.

Wino nao usiusahau, maana karatasi bora na wino dhaifu ni pesa iliyomwagwa. Kuna wino ambao rangi yake imeyeyuka kabisa kwenye maji, na kuna wino wa pigmenti, wenye chembe ngumu ndogo mno zinazokaa kwenye uso wa karatasi. Ule ulioyeyuka unapendeza haraka na kufifia haraka, hasa hewa yenye ozoni ikiufikia. Pigmenti nyeusi kwa kawaida ni kaboni, ndugu yake masizi, na masizi hayaogopi jua! Mwaka 1991 mwanamuziki Graham Nash na rafiki yake Mac Holbert walifungua karakana ya kuchapa picha za sanaa kule Manhattan Beach, California, wakatumia printa kubwa ya Iris iliyoundwa kwa ajili ya kukagua rangi za magazeti. Picha zilitoka za ajabu, juu ya karatasi nzuri ya pamba, lakini wino wa Iris ulikuwa ule wa kuyeyuka na ukafifia upesi. Ndipo kina Henry Wilhelm, kule Grinnell, Iowa, ambao kazi yao ni kupima uhai wa picha kwa kuzimulika taa kali usiku na mchana, wakapata umaarufu. Kila mwenye printa akataka kujua picha yake itaishi miaka mingapi. Waliopima vile ndio waliotusukuma kwenye pigmenti na pamba tunazozifurahia leo.

Na kwa sisi wa nyeusi na nyeupe kulikuwa na mateso mengine: printa ilikuwa ikitengeneza kijivu kwa kuchanganya rangi, basi picha ndani ya nyumba inaonekana sawa, ukitoka nayo nje imekuwa ya kijani! Mwaka 2005 Epson wakatoa mashine zenye nyeusi tatu, nyeusi kamili, hafifu, na hafifu zaidi, na kijivu kikaanza kutoka kwenye weusi wenyewe. Printa ya rafiki yangu ni ya ukoo huo. Nilitembea na picha ya mama wa barazani kutoka chumbani, nikaenda ukumbini chini ya taa, nikatoka nayo uani kwenye jua la saa tisa. Kijivu kikabaki kijivu! Safi, thabiti, bila ujani, bila uwaridi. Majirani walidhani nimeshinda bahati nasibu.

Kitu kimoja ukifanye bila kukosa: chagua weusi unaofaa karatasi yako. Printa hizi zina wino mweusi wa karatasi isiyong'aa na mwingine wa karatasi yenye mng'ao. Ukitumia wa mng'ao kwenye Museum Etching, weusi unakuwa kijivu kilichochoka. Ukitumia ule mwingine kwenye barita, haushiki, unafutika kwa kidole. Na kabla ya kuilisha printa, pitisha brashi laini juu ya karatasi, taratibu, upande mmoja hadi mwingine. Pamba ina vumbi la nyuzi. Uzi mmoja ukilala pale wino unatua juu yake, baadaye unadondoka na kuacha kidoa cheupe katikati ya buibui. Sekunde chache tu za brashi! Hujui upande upi ni wa kuchapia? Lowanisha kidole kidogo, gusa pembeni kabisa kwenye kona. Upande unaonata ndio wenyewe. Nilipenda sana hilo, nikaigusa kona hadi rafiki yangu akanikataza.

Sisi wa pwani tuna jambo letu, unyevu. Pamba inakunywa unyevu, kingo zinapinda, na karatasi iliyopinda inagusa kichwa cha printa na kupata mistari ya wino isiyotakiwa. Iache ndani ya mfuko wake hadi dakika ya kuchapa. Ikishatoka, usikimbilie fremu! Najua mikono itawasha, yangu iliwasha mno, lakini ilaze usiku kucha chini ya karatasi safi ya kawaida, maana wino una vimiminika vinavyotoka polepole na ukiwahi kufunga kioo vitakipaka ukungu kwa ndani. Kioo kisiiguse picha, weka kadi isiyo na asidi katikati. Selotepu isiikaribie. Na zile zisizong'aa zishike pembeni tu, weusi wake unachubuka kwa kuguswa.

Bei? Ghali kuliko glosi ya dukani, tena si kidogo. Kwa picha za pasipoti na za kugawa kwenye sherehe usijisumbue, glosi inatosha kabisa. Ila ile picha moja ya bibi, ile ya baba akiwa kijana kasimama na baiskeli, ile ambayo simu ikiibiwa leo haipo tena duniani, hiyo inastahili pamba.

Kama ningeambiwa nichague moja tu, moja, bila kuongeza neno, ningechukua Platine Fibre Rag. Ina weusi wa barita, ina weupe wa pamba usiowaka chini ya tochi, na mng'ao wake ni wa adabu. Ya pili ni Museum Etching, kwa ajili ya ukungu ule, siwezi kuusahau. Photo Rag Baryta inazifuata kwa unywele mmoja.

Kwa hiyo tafadhali, nakuomba, usinunue boksi zima wiki hii. Tafuta pakiti ya majaribio, mchange watu wawili watatu, chagua picha yenye kitu cheusi sana na kitu cheupe sana, ichape kwenye karatasi zote kwa pigmenti, zima taa, washa tochi ya noti. Halafu nipigie, hata kama ni usiku wa manane!